Dakika Ishirini

Jumanne, siku tatu kabla ya kukabidhi funguo,
tangi la maji moto limeanza kulia chini ya nyumba.
Tone. Kimya. Tone.
Nimetega kopo la rangi, nikakaa juu ya kreti,
nikalisikiliza kama mgonjwa asiyetaka kutaja anapoumwa.

Mkaguzi alipita mwezi jana na tochi na daftari lake,
akagonga kuta, akanusa pembe, akaandika: Salama.
Na lilikuwa salama. Sikumdanganya mtu.
Ugonjwa huu umezaliwa baada ya cheti cha afya.

Dalali Corinne kanijibu kwa simu, gari likinguruma:
"Reino, mkataba umetiwa saini. Funga mlango wa chini.
Ijumaa saa nne, tone hilo litakuwa lao."
Litakuwa lao! Kana kwamba maji husoma karatasi,
hungoja saa nne ndipo yabadilishe mwenyewe.

Binti yangu Marjatta, aliyekimbilia jua la Arizona,
anasema niite fundi, nisishike spana na mgongo huu.
Fundi! Hapa Duluth, Januari,
mabomba yanapasuka mtaa kwa mtaa,
na nafasi yake ya karibu ni Jumatatu.
Jumatatu mimi nitakuwa ghorofa ya nne, jengo la wazee,
ambako balbu ikiungua
unabonyeza kitufe, anakuja kijana.

Wanunuzi walikuja mara mbili, Tou Vang na mkewe,
mara ya pili na mtoto mchanga kifuani.
Mai See alifungua bomba la jikoni,
akaweka mkono chini ya maji, akangoja yapate moto.
Hakusema kitu. Alitabasamu tu, kwa maji.
Mkono ule ndio ninaouona. Saini zao siwezi hata kuzikumbuka.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema.
Hawakusema utamjengea nani.

Basi nimefunga maji, nimemwaga tangi,
nimebadilisha mpira wa valvu, dola sita dukani,
mchana mzima, kwa matusi ya Kifini
ambayo marehemu mama alidhani siyajui.
Tone. Kimya.
Kimya.

Na kwa kuwa sanduku la vifaa lilikuwa wazi
nikapanda nalo jikoni, kwenye dirisha la juu ya sinki.
Lile lisilofunguka.

Aili aliniomba miaka kumi na moja.
Mwanzo kwa mdomo. Kisha kwa vikaratasi kwenye friji.
Kisha kwa kulisukuma kwa kiganja kila alipokaanga samaki,
bila kunitazama.
Kisha akaacha, nami nikadhani ameridhika.
Alikuwa amekata tamaa;
kwa nje, hayo mawili yanavaa nguo moja.

Nimepitisha kisu kwenye rangi iliyogandia pembeni,
nimeng'oa skrubu moja iliyopinda,
nimesugua mkondo kwa kipande cha mshumaa.
Dakika ishirini.
Nimeitazama saa ya ukutani, sijaipakia bado.
Ishirini, na humo nilisimama kunywa kahawa.
Dirisha likapanda kama halijawahi kugoma,
baridi ikaingia, ikaketi kwenye kiti chake.

Nawe unayehama, usiniulize urekebishe au uache.
Sheria muulize Corinne.
Mimi ni mtu aliyewalipa wageni kwa siku moja
deni ambalo mwenyewe alilidai mpaka akachoka kudai.

Ngazi ya tatu bado inalia. Hiyo sijaigusa.
Nimeandika kikaratasi, nimekibandika kwenye friji
palepale penye alama za gundi ya vile vyake:
*Ngazi ya tatu hulia. Dirisha linafunguka.*

Nimelifungua na kulifunga mara nne.
Mara ya tano nimeliacha wazi,
nikavaa koti, nikatia mafuta kikaangoni,
nikakaanga samaki mmoja,
moshi ukatoka.