Nimeoa Watatu

Mahfudhi hunitania mbele ya wageni:
"Huyu mke wangu naye kaoa, tena watatu."
Wanacheka. Nami nacheka, mkono mfukoni,
nazihesabu funguo.

Mke mkubwa ni jiko, Mabela, nyuma ya pampu ya petroli:
sambusa, vitumbua, mkate wa mchele kwa oda.
Nilimwoa kwa kikaango cha mama na deni la samli.
Wa pili ni dobi, Al-Khudh, mashine nne, moja kigeugeu.
Mdogo ni duka la kanzu, sokoni Sib, jembamba,
ukinyoosha mikono unashika kuta zote mbili.
Huyo ndiye niliyemtaka kwa moyo.
Huyo ndiye asiyenilisha.

Uadilifu ndio sharti, wanasema.
Basi alfajiri ni ya jiko, Mwanahija kashakanda,
ananipa habari za usiku na unga hadi viwikoni.
Saa nne ni ya dobi.
Laasiri ni ya mdogo, na usiku
nalala na madaftari.
Lakini wenza hawana adabu ya zamu:
siku mtu wa baladia anapokuja jikoni kupima ubaridi wa friji
ndiyo siku mashine ya Al-Khudh inatapika povu hadi barabarani,
na mteja wa Sib anataka kujua
kwa nini mkono wa kushoto umepita wa kulia.

Tena wanakopeshana nyuma ya mgongo wangu,
kwa mkono wangu.
Ramadhani jiko lilimpa dobi rial arubaini.
Dobi akamlipia mdogo kodi.
Mdogo hajamlipa mtu.
Lipo daftari la nne, la hayo tu.
Mahfudhi halijui lilipo.

Julai ikaja na joto lake, lami inanata viatuni.
Shule zimefungwa. Nusu ya mtaa imehamia Salala kufuata manyunyu.
Mafuta ya sambusa yanapoa kikaangoni.
Alhamisi Delwar akauweka mkasi chini.
"Mama," akaniambia. "Mama yangu."
Hakumaliza.
Kiswahili chake amekiokota mezani pale, kwa wateja,
maneno ya vipimo: bega, shingo, urefu, punguza kidogo.
Hili halikuwa na kipimo.

Tikiti ya Dhaka, mia na kumi na nane.
Daftari la duka: thelathini na moja, na baisa mia sita.

Juu ya kabati langu kuna kopo la samli.
Ndani yake mlikuwa na mahari ya mke wa nne:
kibanda cha chai ya maziwa, Barka, wanapopumzika wenye malori.
Nilikwisha mchagulia rangi.
Nilikwisha mpa jina, na jina sikumwambia mtu.

Kifuniko kilikuwa kimeshika kutu. Nilikibandua kwa mpini wa kijiko.
Mahfudhi akanikuta sakafuni, noti zimenizunguka.
"Posa imevunjika?"
"Imeahirishwa."
Akakaa. Akanisaidia kupanga za rial moja moja,
na mara hii hakutania.

Jumamosi nimelifungua duka mwenyewe.
Mezani, kanzu ya mtoto, ya harusi,
mwenyewe anaitaka kabla ya magharibi,
haijatiwa kishada.
Delwar kaiacha sindano imechomwa shingoni, uzi umo tayari,
kama mtu aliyesema nakuja sasa hivi.

Nimevaa miwani.
Vidole hivi vinajua sambusa, kona juu ya kona,
vimefunga elfu na elfu gizani umeme ulipokatika.
Uzi wa hariri hauvitambui.
Kishada cha kwanza kimetoka kama mkia wa panya.
Nimekifumua.

Simu ya dobi inalia.
Simu ya jiko inaipokea, zinalia pamoja.

Subirini.
Hii zamu ya mdogo.