Koti Nambari Kumi na Saba

Siku ya kwanza walituzungusha chuo kizima kwa dakika ishirini.
Kilikuwa kidogo hivyo:
maktaba, kanisa, bwalo, kilima kimoja,
na mashamba ya mahindi pande zote, yamevunwa, yamebaki vishina.
Kijana wa mbele alitembea kinyumenyume
akitaja milango bila kuitazama:
huku ushauri, huku ajira, huku msaada wa uandishi,
huku daktari, Jumatatu na Alhamisi tu.
Nikaitikia kwa kichwa.
Sikushika hata mmoja.

Natoka Laredo, kusini kabisa mwa Texas,
ambako baridi ni kitu cha kufungia kwenye friji.
Minnesota iliniuma masikio kabla Oktoba haijaisha,
na mtu akaninong'oneza: chini ya kanisa,
mwone Bi Ragna Tvedt.

Bi Ragna hakuniuliza lolote
ila urefu wa mikono yangu.
Waliohitimu huacha makoti, wanaokuja huyavaa.
Akaandika daftarini: Itzel Cavazos, kumi na saba, rudisha Mei.
Koti la kijani, la kiume, linanifika magotini,
zipu yake imekatika ulimi, imefungwa kipande cha waya,
bega la kulia limechubuka hadi weupe.
Mfukoni, chini, penye makombo na nyuzi,
karatasi iliyokunjwa mara nne:
*Chumba 114. Mlango huganda. Sukuma kwa bega.*

Haikuwa na jina. Haikuwa na tarehe.
Nikairudisha ilikokuwa.

Novemba, insha yangu ya falsafa ilirudi
na maneno mawili kwa wino wa bluu: *Njoo tuzungumze.*
Kwetu, mkubwa akikuambia njoo tuzungumze
umekwisha.
Nikapita mlangoni kwa profesa mara tatu,
mara ya tatu nikiwa nimeshika tufaha
ili nionekane mtu mwenye safari zake.
Mama alipopiga simu nilimwambia ninakula vizuri.
Hilo lilikuwa kweli.
Uongo ukitaka kukaa, huanza na chakula.

Usiku nilikuwa nafua saa nane,
kwa sababu saa nane hakuna anayekuuliza unasoma nini.

Theluji ya kwanza ilipoanguka nilikimbia kuikwepa
nikaingia jengo nisilolijua,
nikakung'uta viatu, nikainua kichwa:
112, 113.
Nilisimama pale hadi theluji ya mabegani ikawa maji.
Kisha nikashika kitasa. Kikagoma.
Nikageuka ubavu, nikasukuma kwa bega la kulia,
pale pale palipochubuka.

Oh.

Ni wangapi, basi, walisukuma kabla yangu
kitambaa kikaisha rangi?

Ndani kulikuwa na taa ya mezani, bisi kwenye bakuli,
na msichana wa mwaka wa tatu, Tamsin Okerlund,
soksi zake haziendani.
Hakushangaa. Alisema, "Umeleta nini?"
Akaisoma insha yangu kwa sauti, polepole,
hata pale nilipotamani apaparuke.
Alipofika mwisho akarudi nyuma, akaweka kidole:
"Hii sentensi ya saba ndiyo insha yako.
Hizo sita za mbele zilikuwa bado nje, zinahangaika na kitasa."

Sikupata alama ya kumsimulia mtu.
Lakini nilikwenda kwa profesa,
naye alitaka kunipa kitabu tu,
kitabu chembamba, chenye doa la kahawa,
alichokuwa amekiweka kando tangu Novemba.

Mei nikalikunja koti, nikateremka chini ya kanisa.
Bi Ragna akapekua mifuko, ndiyo kanuni:
kalamu yangu, risiti yangu, akanirudishia.
Karatasi akaifungua, akaisoma pande zote mbili,
akaikunja mara nne, akaisukuma chini kabisa.
"Hii ya koti," akasema.

Upande wa nyuma nilikuwa nimeandika kwa penseli:
*Mashine ya tatu ya kufulia haili sarafu.*
*Ipige teke kidogo kushoto.*