Ngeli ya Kibaka

Miaka kumi na tisa niko meza ya usahihishaji,
ghorofa ya pili, Tabata, feni ikisaga joto,
kalamu nyekundu sikioni kama sigara ya fundi.
Kazi yangu ni koma. Ni herufi kubwa.
Kazi yangu, nilidhani, haina damu.

Jumanne ile zililetwa habari mbili.

Ya Kariakoo, Mtaa wa Mahiwa:
"Kijana mmoja anayesadikiwa kuwa kibaka,
aliyevaa jezi ya njano namba nane,
ameuawa na wananchi wenye hasira kali."
Nikaweka nukta. Nikajisifu: safi, haina kosa.
Ukurasa wa tano, chini ya tangazo la magodoro.

Ya Upanga:
"Mfanyabiashara mwenye asili ya Kiasia
amepigwa risasi akifunga duka."
Hii ilipewa ukurasa wa mbele na picha,
ikapewa mke, watoto watatu, futari za kila Ramadhani.
Ikapewa pia, sijui na nani, mkia huu:
"Inasemekana alikuwa na fedha nyingi ndani."
Mkia sikuukata.

Ijumaa mama mmoja alipanda ngazi zetu,
Bi Mwanahawa Kindamba wa Mbagala Kizuiani,
viatu mkononi kwa sababu ya tope.
Alikuwa na kipande cha gazeti chenye mafuta.
Habari za mwanawe alizisoma kwenye maandazi.
Akaweka kidole.
"Huyu mmoja wenu anaitwa Sefu.
Jezi nilimfulia mimi.
Simu waliyomkuta nayo, risiti yake hii."
Halafu, bila kupandisha sauti:
"Waliomuua mmewaita wananchi.
Sasa mwanangu alikuwa nani?"

Nilimtengea kiti. Hakukaa.

Usiku ule nililisoma neno kama mgeni wa lugha.
Ki-baka. Kama kiti, kijiko, kiberiti.
Lakini sarufi ya mabibi zetu ina haya:
hata jina likimtupa mtu kabatini pamoja na vyombo,
kitenzi humrudisha: *a*meuawa,
si *ki*meuawa.
Herufi moja ya utu, na hiyo hatukumpa sisi,
aliikuta.
Na hasira kali je? Kana kwamba hasira
ndiyo iliyoinama kuokota tofali,
ikaenda dukani kununua petroli ya elfu mbili,
ikadai chenji.

Jumatatu simu. Sakina Walji, binti wa marehemu wa Upanga.
"Baba kazaliwa Ocean Road, kasoma Mnazi Mmoja,
kazikwa jana. Asili yake mmeiandika mstari wa kwanza.
Yako wewe iko wapi, mbona huiweki chini ya jina lako?
Na hizo fedha nyingi: elfu arobaini na mbili,
na vidonge vya presha."
Sikuwa na koma ya kumpa.

Nilifungua makabati ya zamani.
Vijana watatu wa Tandale, vifua wazi, wamekalishwa chini,
MAJAMBAZI, kwa wino mnene, kabla ya hakimu kuvaa miwani.
Mmoja aliachiwa Kisutu baada ya miezi kumi na minne.
Hatukuandika hata mstari.
Jirani yao, kwenye ukurasa uleule, kigogo wa shirika
"anatuhumiwa kuhusishwa na upotevu wa fedha."
Upotevu! Fedha zilitoka zenyewe, maskini,
zikakosa njia ya kurudi.
Koma zote hapo ni zangu. Ziko sawasawa.

Tuliomba radhi, mistari mitatu, ukurasa wa kumi na nne,
kati ya hati ya kiwanja iliyopotea
na mganga wa nguvu za kiume.
Bi Mwanahawa sijui kama aliiona.
Labda itamfikia na maandazi.

Leo saa nne usiku imeingia nyingine, kutoka Buguruni.
"Kijana mmoja," inaanza.
Nimempigia mwandishi: anaitwa nani?
Anasema, dada, mtambo unasubiri.
Nimesema usubiri.
Nimeondoa *mmoja*, nimeacha pengo,
upana wa jina la mtu,
na mhariri mkuu anagonga kioo
akinionyesha saa.