Bado Moja

Kabla ya kunisalimu mimi, Torleiv husalimu betri.
Hushuka ngazi na soksi zake mbilimbili,
huinamia kile kioo kidogo kando ya jiko,
husoma: thelathini na moja.
Hunitajia kama daktari anayetaja homa ya mtoto,
nami nazima taa niliyokuwa nikishonea.

Tumetia nanga Vesterålen, mwisho wa Novemba.
Jua lilituaga Jumanne:
lilifika mabegani mwa mlima, likachungulia,
likaona hapana kazi, likarudi.
Paneli zetu nne, zile tulizouzia gari,
sasa ni meza ya theluji, na shakwe ndio wageni wake.
Mwezi Juni zilitufanya wafujaji.
Tulichemsha maji ya kuoshea sitaha,
tukawacheka majirani na jenereta zao.

Hesabu nimeihifadhi kama sala.
Friji tumeizima; nje kote ni friji.
Redio ya bahari, amp moja.
Feni ya hita, tatu, na haina mjadala.
Birika la umeme: usiliguse.
Kinu cha upepo kule tezini kingelipa deni lote,
lakini siku ya tatu hii mapanga yake yamesimama
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Na betri zenyewe zina madeko.
Zikipoa chini ya sifuri hazipokei chaji;
ukizilazimisha, zinakufa.
Basi tumezihamishia chini ya kitanda,
tukazifunika blanketi la marehemu mama yake,
tunazilalia usiku kucha, tunaziatamia
kama kuku asiye na hakika na mayai yake.

“Tumwamshe Mlevi,” nasema.
Mlevi ni jenereta: hunywa, hupiga kelele, hulala.
Sheria ya Torleiv, haamshwi mpaka thelathini.
“Bado moja,” ananijibu,
na ile moja anaishikilia
kama wengine wanavyoshikilia shamba la urithi.

Asubuhi, ishirini na nne.
Mlevi akakohoa mara mbili, akanyamaza.

Akiba haiozi, ndivyo tulivyolelewa.
Inaoza.
Dizeli iliyolala tangini tangu Machi
ilikuwa imeota utando mweusi, laini kama ini,
chujio limeziba pote.
Torleiv akalala kifudifudi, kurunzi mdomoni,
mimi nimeshika bakuli, vidole havinisikii.
Miaka thelathini na tisa ya ndoa
sikuwahi kumsikia akikiomba radhi chombo.
“Nilikuweka,” alikuwa akinong'ona,
“nilikuweka tu, sikukutazama.”
Sikuuliza alikuwa akisema na nani.

Tulikuwa bado na mikono ya mafuta
mlingoti ulipoanza kupiga mluzi.
Kinu kikaguna, kikajinyoosha, kikashika kasi,
na mashua yote ikatetemeka mpaka vijiko.
Ulikuja kutoka kusini-magharibi, ukakaa siku mbili,
ukatuvuruga matumbo, ukatulipa.

Usiku wa pili, saa tisa, akanitikisa bega:
“Tisini na tisa, Ragnfrid. Hatuna pa kuutia!”
Basi tukaula.
Tuliwasha oveni, nikakanda mkate wa iliki
huku unga ukihama meza kila wimbi lilipopiga.
Birika lilichemka, likachemka tena.
Niliosha nywele kwa maji ya moto,
anasa ya Juni katikati ya giza,
naye akaniminia maji kichwani kwa kikombe,
polepole, kama mtu anayepima mafuta.

Chujio jipya lilikuwa bado mezani, kati ya makombo.
“Kila Jumapili,” nikamwambia, “Mlevi apewe dakika kumi.
Hata kama hana kazi.”
Akaandika kitabuni: *J'pili, dak. 10.*
Akapiga mstari chini yake, mara mbili.

Asubuhi alishuka ngazi, akakipita kioo,
akaniuliza nimelalaje.
Nikamwambia sijalala hata kidogo.
Kinu chako hicho kina makelele.