Mguu wa Suruali

Bili ya joto ililetwa Jumanne.
Niliiweka chini ya bakuli la sukari
kana kwamba tarakimu zingelainika.
Yuro mia na themanini na sita, kwa vyumba viwili
na mwanamke mmoja anayelala na jozi tatu za soksi.

"Bibi Velta," akasema Raitis wa ghorofa ya juu,
miaka kumi na tatu, mikono imeipita mikono ya koti,
"wewe hupashi nyumba joto. Unapasha ngazi."

Akawasha mshumaa, akaupitisha kando ya mlango
polepole, kama daktari anayesikiliza mgongo.
Kwenye bawaba, mwali ulitikisika.
Kwenye kitasa, ukakonyeza.
Alipofika chini, kizingitini,
ulilala kifudifudi, ukafa.
"Hapa," akasema. "Hapa ndipo mwizi anapoingilia."

Mwizi! Miaka thelathini namjua.
Upepo wa Liepaja hauna msimu wala adabu:
hutoka baharini na chumvi mdomoni,
hupanda ngazi pasipo kuzikanyaga,
hupenya chini ya mlango wangu
na kuketi jikoni kabla yangu.
Namjua pia aliyemfungulia.

Ilikuwa Julai, mbao zimekunywa mvua zikavimba,
mlango unakwama, Aivars anaapa.
Akaung'oa bawabani, akaulaza juu ya viti viwili,
akauranda.
Nikamwambia: Basi. Akasema: Kidogo tu.
Maranda yakajikunja miguuni pake,
nyumba nzima ikanukia msonobari.
Nikamwambia: Aivars, mti hukonda wakati wa baridi.
Akasema mimi si fundi.

Januari mlango ukakonda.
Ukabaki mwanya wa vidole viwili,
naye hakukiri, hata siku moja;
alipanda kitandani na kofia kichwani, akanyamaza.

Lakini sikumwambia Raitis habari ya mwanga.
Kwamba taa ya ngazini ilipita pale,
ukanda wa manjano sakafuni,
na kila jioni, saa kumi na mbili na robo,
ukanda ule ulikatika mara mbili:
kiatu, kiatu.
Nikaanza kupakua supu
kabla ufunguo haujasema neno.
Mwaka wa nne huu, ukanda ni mzima.
Bado huutazama.
Mtu hulipa bili kwa mengi.

Raitis akabandika mpira pande tatu za fremu,
akajisifu, akala mkate wangu na samaki wa moshi.
"Chini panataka soseji ya kitambaa," akasema,
"ndefu, nzito."

Nikafungua kabati.
Suruali ya kodurai, ya kahawia,
goti la kushoto limelika
kwa kupiga magoti mbele ya baiskeli za watu.
Nikakata mguu mmoja. Mkasi uligoma penye mshono,
nami pia.
Nikashona upande mmoja, nikajaza ule mchanga
tunaomwaga kwenye barafu ya ngazi,
nikashona wa pili.
Ukawa mnene kuliko wa mwenyewe.

Nikaulaza kizingitini.
Ukanda wa manjano ukatoweka.
Nilisimama pale, sindano mdomoni,
hadi kijana akaanza kukohoa kwa haya.
Ndipo nikasema, kwa sauti, si kwake:
"Haya. Uliranda wewe. Ziba wewe."

"Na tundu la ufunguo?" akauliza.
"Hilo liache. Nyumba nayo ina pua."

Tukawasha mshumaa tena.
Bawabani, kitasani, chini:
mwali wima, kama mwanafunzi aliyeitwa jina.

Raitis amekwenda zake. Nimevua jozi moja ya soksi.
Nje upepo unazunguka ngazini, unaulizia,
unausukuma mguu, mguu hausogei.
Mshumaa bado unawaka mezani
na humu ndani hakuna tena wa kuuzima ila mimi.
Nimeuacha hadi supu iishe.
Kisha nimeupuliza.