Kibao cha L

Pikipiki hurithiwa, leseni hairithiwi.
Ndivyo alivyosema afande Kwilasa dirishani,
akinirudishia leseni ya marehemu mume wangu
kama mtu anayerudisha chenji.
Pichani Nkwabi alikuwa anataka kucheka.
Nikamfunga kwenye pindo la khanga, nikauliza:
Haya, mimi nianzie wapi?

Anzia kwenye macho, akasema.
Upimwe macho, uende chuo,
ulete namba ya mlipa kodi, kitambulisho, picha,
ulipie ada, upewe leseni ya kujifunzia,
ufunge kibao cheupe chenye herufi nyekundu,
mbele na nyuma, kila mtu akione.

Nina miaka arobaini na minne. Nina mjukuu.
Na bado nikapigwa chapa ya L
kama ng'ombe anayepelekwa mnadani.

Darasani Igoma nilikuta vijana
wanaoendesha tangu darasa la sita,
wanaozijua kona zote za Mabatini hata gizani,
ila pembetatu nyekundu wanaitazama
kama barua ya mtu mwingine.
Mwalimu Kabula, mdogo kuliko mwanangu wa pili,
aligonga ubao kwa kipande cha chaki:
Alama haipigi kelele. Inakwambia mara moja tu.

Nikamkumbuka Nkwabi.
Naye alikuwa mtu wa kusema mara moja.

Kofia yake ilinipwaya. Nikaijazia kitambaa.
Kabula akaitikisa kichwani mwangu, ikalia kwa-kwa:
Mama, hii ni sufuria.
Nikaenda Mlango Mmoja kununua ya kwangu,
nikajaribu tisa, muuzaji akanuna.

Klachi, alisema, iachie
kama unavyomwachia mtoto anayejifunza kusimama.
Hilo nilikuwa nalijua. Nimeachia watano.
Lakini namba nane kuzunguka matairi mabovu!
Ya kwanza ilitoka yai.
Ya pili kiazi.
Ya tatu ilinipeleka kwenye jiwe,
na mawe ya Mwanza hayampishi mtu,
yalikuwepo kabla ya barabara.
Goti langu lina kovu la sentimita nne.
Ya kumi na saba ilikuwa nane.
Hakuna aliyepiga makofi. Niliizima pikipiki
nikasimama kuitazama alama yake kwenye vumbi
mpaka mbuzi akapita juu yake.

Jumatano tukatoka barabarani, njia ya Kayenze,
mimi mbele, Kabula nyuma na pikipiki yake.
Upepo wa ziwa ulikuwa na baridi ya asubuhi.
Kwenye kona, mama Holo, na ndoo ya dagaa:
Nipakie, mama Shija! Mumeo alikuwa ananipakia.

Nikageuka. Kabula ameshusha mguu mmoja chini,
kimya kama alama.

Sipakii, mama Holo. Nina L.
L ni ugonjwa?
Ndiyo. Dawa yake mtihani.

Akanitazama vile mtu anavyomtazama
aliyepata cheo akasahau majirani.
Jua lilikuwa linapanda. Ndoo ilikuwa nzito.

Nikazima injini.
Nikaifunga ndoo juu ya kiti kwa mpira,
nikashika usukani, nikasukuma.
Sheria imesema mengi kuhusu kuendesha;
kuhusu kusukuma sikusikia neno.
Tulitembea hivyo, wake wawili na chombo kimoja,
tukisemana, tukicheka, tukipumzika kwenye kilima,
na nyuma yetu mwalimu kwa gia ya kwanza,
taa imewaka mchana kweupe,
kama msafara wa mkubwa fulani.

Harufu ya dagaa imekataa kutoka kwenye kiti.

Mtihani ni Alhamisi ijayo.
Mama Holo anasema atanisubiri langoni na ndoo yake,
nikifaulu awe abiria wangu wa kwanza.
Nimemwambia sawa,
aje na kofia.