Udaga Juu ya Jabali

Ramani ya mtandaoni inasema Mabatini
ni kijivu kitupu, na uzi mmoja wa njano
unaokwenda Nyakato bila kupumua.
Nikabonyeza picha ya setilaiti:
mabati yakamwagika kilimani,
kutu yake na majabali rangi moja.
Mara mbili nilihesabu jiwe nikidhani nyumba.

Kabatini tuna picha ya ndege, nyeusi na nyeupe,
kona imeliwa na mende.
Humo kilima ni mawe na mbuzi.
Labda mbuzi. Labda doa la chai.

Holo Masanja alikuja kudai kiwanja.
"Nyumba yako iko wapi hapa?"
Akainama hadi pumzi ikatia ukungu kwenye kioo.
Hakutafuta paa.
"Huo weupe," akasema, "ni udaga wangu.
Siku ile niliuanika juu ya jabali,
mvua ikanikuta sokoni,
ukaenda wote."

Nikakuza. Weupe mdogo, kama ukucha.
Pembeni: saa nne na nusu asubuhi, anga safi.
Mvua ilikuwa bado ng'ambo, Ukerewe.

Nikaandika namba ya kiwanja,
na penye alama ya mpaka nikaandika: udaga.
Bosi ataniuliza.